Shajara ya gari la watu wanane

Arlington, Texas

Jumapili, 8 Juni 2025

Mama mkwe amepata viza. Shemeji alipiga simu kutoka Tanga saa nane za usiku, kwao ikiwa saa nne asubuhi, na baada ya kukata simu usingizi haukurudi. Nilikaa jikoni nikahesabu vichwa: mimi, mume wangu, watoto watano, na Mama. Wanane. Gari letu lina viti vitano, na mwaka wa pili huu tunakwenda msikitini kwa safari mbili.

Tena kuna trela. Tangu nianze kupika harusi nimekuwa nikikodi pikapu ya kulivuta, dola 90 kwa siku na mafuta juu yangu. Mwezi uliopita tulilipandisha kwenye mizani ya malori likiwa limebeba masufuria, majiko, mitungi ya gesi, meza na mahema mawili: pauni 4,300. Mume wangu anapenda zile van za familia, na kwa upande wa abiria ana haki, maana zinachukua wanane bila kubanana. Lakini Honda Odyssey inaruhusiwa kuvuta pauni 3,500 tu. Hapo mjadala ukaisha. Tunatafuta shangingi.

Akiba yetu ni dola 27,500. Tumeikusanya kwa miaka mitatu, sehemu kwa mshahara wa zamu zangu za usiku, sehemu kwa mchezo wa akina mama wa hapa. Mkopo hatuchukui. Tulikubaliana siku tuliyofunga ndoa kwamba riba haitaingia nyumbani kwetu, na gari si sababu ya kuivunja ahadi hiyo.

Alhamisi, 12 Juni

Toyota Sequoia ndiyo niliyoitamani kwanza. Ile ya kizazi cha pili, iliyoundwa Princeton, Indiana, kuanzia 2008 hadi 2022, ina V8 ya lita 5.7 ambayo kila fundi niliyemuuliza anaisifu. Lakini sifa hizo na wauzaji wanazijua. Ya 2015 yenye maili 150,000 wanaitaka dola 26,000, na inakunywa galoni moja kila maili 15. Ford Expedition tumeiangalia moja, ikawashwa, kemshafti zikalia kwa sekunde kadhaa kama kokoto ndani ya kopo. Nimeiacha.

Imebaki Chevrolet Tahoe, ambayo hapa ni mwana wa nyumbani. Inaundwa kwenye kiwanda cha GM cha hapa hapa Arlington, kilichofunguliwa 1954. Asubuhi nikitoka kazini nakutana na malori yamezipakia mgongoni, mpya, bado zina plastiki kwenye viti.

Mpya si zetu. Wala upya si kinga: Aprili mwaka huu GM imeyaita kiwandani magari karibu 600,000 ya humu nchini, ya 2021 hadi 2024, yenye injini ya lita 6.2, kwa kasoro za krenki na mikono ya pistoni. Watu walionunua Tahoe na Escalade kwa bei ya nyumba ya Tanga injini zikawafia barabarani. Tofauti ni kwamba wao kiwanda kinawajibika nao. Anayenunua gari la miaka saba anabaki na fundi wake.

Jumamosi, 14 Juni

Tahoe ya 2017, yadi moja ya Fort Worth, dola 19,900. Bei yenyewe ilinitia shaka. Nikaomba namba ya chasisi, nikalipia ripoti ya historia nikiwa bado kwenye maegesho. Iliandikishwa Houston, Machi 2017. Moyo ukapiga. Kimbunga Harvey kiliipiga pwani ya Texas tarehe 25 Agosti mwaka huo, na mitaa mingi ya Houston ikakaa majini kwa siku kadhaa. Hati ya gari ilikuwa safi, haina neno la mafuriko.

Jirani yangu aliyehamia kutoka Houston aliwahi kunifundisha: vuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho kabisa. Nikauvuta. Kule ndani ambako mkanda haufiki siku za kawaida, palikuwa na mstari wa tope kavu, umenyooka kama umepigwa rula. Boliti za kiti zimeota kutu. Zulia linanukia manukato makali.

Muuzaji alisema dirisha liliachwa wazi mvua ikanyesha. Mvua ya dirishani hailowanishi mkanda uliojiviringisha ndani ya nguzo. Tuliaga tukaondoka. Binti yangu mkubwa aliuliza njiani ni nani sasa atakayelinunua, na tangu muda huo sijaacha kumfikiria mtu huyo.

Jumanne, 17 Juni

Nimempelekea fundi wetu sambusa, nikakaa naye nusu saa. Ni mtu wa Bukavu, amefungua karakana ya milango miwili, na anasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Mama, ile moteri ni ya muzuri," aliniambia, "lakini iko na ugonjwa moya."

Ugonjwa wenyewe ni huu. V8 ya lita 5.3 ya Tahoe imewekewa mfumo wa kuzima silinda nne kati ya nane pale gari linapotiririka bila mzigo, ili kubana mafuta. Zinazozimwa ni silinda ya 1, ya 4, ya 6 na ya 7, na tapeti zake si za kawaida: zinalegea kwa presha ya oili, kisha zinajifunga tena, mara nyingi kwa siku. Moja ikikwama, injini inaanza kumisi na taa inawaka kwenye dashibodi. Ukiendelea kuendesha, tapeti inakula kemshafti, na hapo ni kufungua injini. Yeye kazi hiyo anaifanya kwa dola 3,500, kwenye karakana kubwa inaweza kufika 6,000. Oili ikibadilishwa kwa wakati hatari inapungua, lakini haiishi.

Aliniagiza niende asubuhi na mapema, na kabla sijamsalimia muuzaji niguse boneti. Ikiwa ya moto, ujue wameiwasha kabla hujafika, kuficha mlio wa baridi.

Jumamosi, 21 Juni

Tumelipata, nadhani.

Tahoe ya 2018, rangi ya majivu, maili 88,000, wanataka dola 24,600. Boneti ilikuwa baridi. Mume wangu aliwasha, mimi nimeinama mbele na simu nikirekodi. Hakuna tak-tak, injini imeunguruma mara moja ikatulia. Nimeisikiliza rekodi hiyo mara nne tangu nirudi nyumbani.

Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi 17, na nimejifunza kuisoma. Ya kumi ni J, yaani mwaka wa 2018. Ya kumi na moja ni R, yaani Arlington. Gari limezaliwa kilomita chache kutoka kitandani kwangu. Niliiingiza namba kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kuona kama kuna wito wa kiwandani ambao haujafanyiwa kazi. Hakuna. Hata ule wa Septemba 2019 wa pampu ya breki, uliogusa magari milioni 3.4 ya GM, hili limeshatengenezwa.

Fundi alikuja adhuhuri kwa dola 150. Alichomeka kompyuta yake, akatazama kwanza kama kumbukumbu za injini zimefutwa karibuni, maana wapo wanaofuta taa asubuhi na kukuuzia mchana. Hazikufutwa. Alilala chini ya gari robo saa. Giaboksi haivuji, oili yake bado nyekundu. Sili ya nyuma ya krenki ina unyevu kidogo, akasema wa kuutazama tu. Tairi zote nne zimeandikwa 2319: wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zina miaka sita, na ufa umeanza pembeni.

Zile tarakimu nne zimetupunguzia dola elfu moja. Tumeafikiana dola 23,600, tumeacha 500 kama kishika uchumba, Jumatatu tunamalizia.

Jumatatu, 23 Juni

Nimechoka, lakini leo lazima niandike.

Dirishani kulikuwa na karatasi ya Mwongozo wa Mnunuzi, ambayo FTC, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, inamlazimisha kila muuza magari yaliyotumika kuibandika. Imebandikwa mara mbili, Kiingereza na Kihispania, maana hapo wanauza kwa lugha zote mbili. Kisanduku kilichotiwa alama kinasema gari linauzwa kama lilivyo, bila dhamana ya muuzaji. Yaani likizimika kwenye geti la kutokea, ni letu. Waranti ya kiwanda ya injini na giaboksi ilikuwa miaka mitano au maili 60,000, ikaisha zamani.

Tulilipa hundi ya benki. Kodi ya jimbo asilimia 6.25, ambayo ni dola 1,475. Ada za makaratasi, hati na namba, dola 385. Nikadhani tumemaliza.

Tukapelekwa kwenye chumba kingine. Kijana mpole, suti nzuri, akaomba Mungu atubarikie gari. Kisha akageuza skrini. Giaboksi dola 5,200. Injini dola 9,000. Kompyuta ya gari dola 1,800. Bei zote kwa rangi nyekundu. Na chini yake, kwa kijani, waranti ya nyongeza: miaka minne au maili 48,000, dola 3,650. "Ni dola 76 tu kwa mwezi," akasema. Nilimwambia hatuna mkopo wa kuichomekea. Akasema hiyo peke yake inaweza kulipwa kwa awamu.

Nisiseme uongo katika daftari langu: niliogopa. Baada ya kulipa, tulibakiwa na dola 1,890 za miaka mitatu ya jasho, na kijana huyu ananionyesha injini ya dola 9,000. Nilishika kalamu.

Mume wangu akasema tutafakari. Bei ikawa 3,100. Aliponyanyua funguo, ikawa 2,700. Ndani ya dakika ishirini dola 950 ziliyeyuka, na hofu yangu ikaanza kugeuka kuwa swali. Tairi zilishuka bei kwa sababu zina ufa. Hii imeshuka kwa sababu gani?

Nikaomba mkataba nikausome. Akanipa kipeperushi chenye picha ya familia inacheka. Nikamwambia mkataba. Alisema bei ni ya leo tu, nikamwambia basi hatuna haja. Hapo ndipo akauchapa, kurasa 22, na kutupa mpaka Jumamosi.

Jumatano, 25 Juni, usiku, kazini

Wazee ninaowahudumia wamelala. Nimeusoma mkataba wote, wenye herufi za punje ya mtama, kwa kalamu ya kijani.

Kwanza, hii si waranti. Sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss, ya 1975, inatenganisha vitu viwili: waranti inakuja ndani ya bei ya kitu, na ukilipia ulinzi peke yake, huo ni mkataba wa huduma. Na mkataba wenyewe kwenye ukurasa wa pili unajiita hivyo hivyo. Anayeahidi si yadi iliyotuuzia gari. Ni kampuni nyingine, katika jimbo jingine. Nimeitafuta kwa TDLR, idara ya leseni ya Texas inayosimamia mikataba hii, nayo imesajiliwa. Hilo limenipa faraja kidogo.

Kurasa tatu zinasema kinacholipwa. Kurasa saba zinasema kisicholipwa.

Vitu vya kuchakaa havimo: breki, shokapu, betri, mikanda. Hilo naliona la haki. Ugonjwa uliokuwamo kabla ya kununua haumo, na hapo nikaikumbuka ile sili yenye unyevu. Fundi ameiandika kwenye ripoti yake kwa mkono wake. Injini iliyochemka haimo, hata kama chanzo cha kuchemka ni kifaa kilichomo. Kila matengenezo, dola 200 za kwanza ni zangu. Spea zinaweza kuwa zilizotumika. Fundi asiguse kitu kabla kampuni haijatoa ruhusa kwa simu. Na ikiwa ni lazima kufungua injini ili tatizo lionekane, gharama ya kufungua ni yangu, na wakiona halimo kwenye mkataba, inabaki yangu. Nimewaza: injini imefunguliwa vipande mezani kwa fundi, na mimi nasubiri simu.

Kumbukumbu za oili wanataka risiti zenye tarehe na maili. Mume wangu hubadilisha oili mwenyewe uani, kwoti nane, na hajawahi kuchelewa. Risiti hana, isipokuwa ya duka la oili.

Haya yote bado ningeweza kuyabeba. Ukurasa wa 14 ndio ulionisimamisha. Gari halilindwi likitumika kwa biashara: kukodishwa, kusambaza bidhaa, kubeba vifaa vya kazi, kuvuta trela la biashara.

Nimeusoma mara tatu. Sababu ya kununua gari hili ni trela langu. Ningelipa dola 2,700 kulinda gari ambalo Jumamosi ya kwanza ya harusi linatoka nje ya ulinzi.

Kengele imelia chumba cha 9.

Ijumaa, 27 Juni

Dada mmoja wa Mombasa ninayefanya naye zamu amesikia habari zetu, akanivuta pembeni. Yeye alinunua mkataba wa namna hii miaka miwili iliyopita, lakini ule unaosimamiwa na kiwanda chenyewe. Giaboksi ikafa. Kazi ya dola 4,800, akalipa 100, na wakampa gari la kutumia kwa wiki nzima. Anasema angekosa mkataba ule, angekosa na ada ya chuo ya mwanawe. Namwamini, na naandika hapa ili nisije nikamwambia mtu kwamba yote haya ni wizi. Wake ulisimamiwa na aliyelitengeneza gari, na yeye hutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi, basi.

Kuna na upande wa pili. Julai mwaka jana CarShield, kampuni inayojitangaza sana kwenye televisheni, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri la FTC, iliyosema matangazo yao yaliwaahidi watu matengenezo ambayo mkataba haukuyalipia.

Mume wangu alimuuliza imamu kuhusu mikataba hii baada ya swala. Jibu: wanazuoni wametofautiana. Wapo wanaoiona ni gharar, kununua usichojua kama utakipata, na wapo wanaoiruhusu pale muuzaji mwenyewe anapodhamini alichokiuza. "Wenu anaudhamini nani?" aliuliza. Mume wangu akasema, mtu mwingine.

Jumamosi, 28 Juni

Tulirudi kwa yule kijana saa nne. Nilimfungulia ukurasa wa 14, nikamweleza kazi yangu: harusi mbili au tatu kwa mwezi, trela la pauni 4,300. Nikauliza kama kuna namna ya kulipia matumizi ya biashara. Nilikuwa tayari kuongeza fedha, kwa kweli.

Alipiga simu, akarudi. Kwa gari la umri huu, hawana. Kisha akainamisha sauti: kwenye fomu kuna kisanduku kinachouliza matumizi, tuweke "ya familia". Hakuna anayekuja kuchunguza. Wateja wengi hufanya hivyo.

Nimeifikiria sentensi yake siku nzima. Alitaka kunisaidia, au kusaidia mauzo yake, sijui, na uso wake haukuwa na ubaya. Lakini tazama alichoniomba. Nilipe dola 2,700 leo, na niweke jina langu chini ya maneno ambayo si kweli. Fedha zingepokewa siku hiyo hiyo, kwa uongo huo huo, bila kuulizwa kitu. Swali lingekuja siku ya kudai, gari likiwa kwenye karakana na chuma cha trela kimening'inia nyuma, kampuni ikimtuma mtu na kamera. Wangekataa, na wangekuwa na haki. Uongo ungekuwa wangu, kwa sahihi yangu.

Marehemu baba alikuwa na duka la spea Tanga, barabara ya ishirini. Alikuwa akiandika kwenye risiti "imetumika" hata kwa kitu ambacho mnunuzi asingejua. Nililelewa kwa risiti hizo.

Nikamwambia hapana, ahsante. Alitupa mkono, tukaagana vizuri.

Mchana tumefungua akaunti ndogo, haina riba, ya gari peke yake. Tumenunua tairi mpya kwa dola 840, na katika zilizobaki tumeanzia na dola 1,000. Kila mwezi tutatia dola 76, bei ile ile ya kijana. Na kila harusi itakayovutwa na gari hili itatoa dola 100 kabla sijagusa faida.

Jumatano, 16 Julai

Mama amefika. Tulikwenda uwanja wa ndege wa DFW sote saba kwa gari moja, tukarudi wanane. Amepandishwa kwa kigoda maana ngazi ni ya juu. Alipokaa alishika mlango akauliza, "Mwanangu, hili mmelimaliza kulilipa?" Mume wangu akasema tumelimaliza, Mama. Akasema Alhamdulillahi, akafunga mkanda.

Jumatano, 6 Agosti

Barua ya tatu mwezi huu. Bahasha ina maandishi mekundu, "taarifa ya mwisho", ina mwaka na aina ya gari letu, na inasema waranti yetu inakaribia kuisha. Hatuna waranti. Ukiisoma vizuri, chini kabisa, kwa herufi ndogo, wanasema wao si kiwanda wala si serikali.

Simu nazo zimeanza. Leo Mama aliipokea moja nikiwa bafuni, akaisikiliza yote kwa adabu, kisha akaniambia kuna mtu amepiga, sauti yake ina haraka, nadhani ana shida na gari. Nimemkalisha nikamweleza. Mama ana miaka 71, hajui Kiingereza, na bado wamemfikia. Mwaka wa 2023 FCC, tume ya mawasiliano, ilitoza faini ya karibu dola milioni 300 kwa kundi lililopiga zaidi ya simu bilioni 5 za namna hii ndani ya miezi mitatu tu ya 2021. Na bado simu zinalia jikoni kwangu. Nimeandika kwenye kikundi chetu cha akina mama: asitoe mtu namba ya kadi wala namba ya chasisi kwa sauti ya simu, hata kama inalijua gari lako.

Jumapili, 31 Agosti

Jana tulikuwa na harusi Houston. Tuliondoka alfajiri na trela. Kabla ya Corsicana kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu, kisha moto. Nje joto kali. Tulifungua madirisha, Mama akajifunika kanga iliyoloweshwa maji, na barafu ya samaki ikabidi tuinunue upya njiani. Tulifika. Pilau lilitoka vizuri. Lakini nilikuwa nimekasirika njia nzima, na katikati ya hasira nilimsikia yule kijana wa suti.

Leo fundi amelifungua, Jumapili, kwa ajili yetu. Kondensa imepasuka kwenye maungio na gesi yote imetoka. Kondensa mpya, gesi, kazi: dola 1,140.

Jioni nimeutoa ule mkataba kabatini. Kiyoyozi kimo, ukurasa wa nne. Mwanamke asiye na trela angelipa 200 na kampuni ingelipa 940. Mimi, nilivyokuwa barabarani jana, nisingelipwa kitu.

Akaunti ya gari imelipa yote. Zimebaki dola 312.

Jumapili, 5 Oktoba

Mke wa rafiki yake mume wangu anataka Yukon ya 2019, na jana alikuja kuniuliza anunue ile waranti au asinunue. Nimempa chai, nikamwuliza maswali manne: gari atalitumia kwa kazi gani, oili atabadilishiwa wapi, nani anayeahidi kulipa, na kama ameuona mkataba wenyewe au kipeperushi. Yeye ni mwalimu, hana biashara, oili anabadilisha kwa wakala wa GM na ana bahasha ya risiti. Mkataba hajauona. Nimemwambia kwake huenda ukafaa, hasa ikiwa ni wa kiwanda, lakini asishike kalamu kabla hajafika ukurasa wa visivyolipwa, na chochote atakachojaza kwenye fomu kiwe kweli. Amekwenda na kalamu yangu ya kijani.

Tahoe ina maili 93,400. Asubuhi nilitoka na kahawa nikamwambia mume wangu awashe, injini ikiwa baridi. Hakuna mlio. Septemba tulikuwa na harusi mbili. Nimetia 76 za mwezi huu, na salio la akaunti ya gari ni dola 664.